Mgeni Asiyebisha Hodi

1. Vikohozi viwili katika nyumba moja

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni mithali njema, maana mgeni huleta habari na zawadi, na nyumba iliyokuwa na huzuni hupata kuchangamka. Walakini yuko mgeni mmoja asiyemponya mwenyeji. Huyu habishi hodi, hana mzigo begani, wala sura yake haionekani. Huingia nyumbani pamoja na mgeni mwema, naye mgeni mwema hajui ya kuwa amemchukua. Mgeni huyo ni ugonjwa mpya.

Fikirini nyumba moja ya Katubuka, katika mji wa Kigoma. Ni siku za masika. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na watu hawakai barazani. Wamekusanyika ndani, milango na madirisha yamefungwa. Bibi mzee amelala katika chumba cha nyuma. Mama alikwenda sokoni Mwanga juzi, na leo anapiga chafya. Mjomba amefika kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam. Amechoka kwa safari, na usiku kucha amekohoa. Asubuhi mtoto wa darasa la sita anaamka, naye makamasi yanamtoka. Anataka kwenda kumwamkia bibi kama ilivyo desturi: ampe mkono, aseme, "Shikamoo, bibi," kisha aketi kitandani kwake wazungumze.

Je, aende? Mama asema, "Ni mafua tu ya mvua hizi." Labda ni kweli. Labda kikohozi cha mjomba nacho ni mafua ya kawaida. Lakini labda mmoja wao amechukua ugonjwa ambao mji haujapata kuuona. Kwa masikio hapana awezaye kutambua, maana kikohozi cha ugonjwa wa zamani na kikohozi cha ugonjwa mpya hufanana. Ugonjwa mpya wa kifua hauji katika siku yake peke yake. Huja katikati ya mafua yaliyozoeleka, hupita katika njia ileile, na hujificha nyuma yake.

2. Wenyeji: mafua ya kila mwaka

Mafua si ugonjwa mmoja. Ni jina moja la magonjwa mengi yanayofanana, kama wavuvi wa Ziwa Tanganyika waitavyo dagaa samaki wadogo wa namna mbili. Mafua madogo ya makamasi huletwa na virusi vya aina nyingi. Jamii moja tu ya virusi hivyo ina aina zaidi ya 100. Tena iko homa ya mafua iitwayo influenza, ambayo humlaza mtu kwa homa, maumivu ya viungo na kikohozi. Viko pia virusi vinavyowapata sana watoto wachanga na kuwazuia kupumua vema. Hawa wote ni wenyeji: huja na kwenda, mwaka kwa mwaka.

Kirusi ni kitu kidogo mno, hata darubini ya shuleni haiwezi kukionyesha. Virusi 10,000 vya influenza vikipangwa katika mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakizai peke yake. Hakina budi kuingia katika chembe hai ya mwili na kuigeuza kuwa karakana yake, nayo hutengeneza virusi vingine vingi.

Je, hutokaje kwa mtu huyu na kumfikia yule? Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akisema tu, hutoa matone ya mate. Matone makubwa huanguka karibu. Yaliyo madogo sana huelea hewani kama moshi wa jikoni, na chumba kikiwa kimefungwa, hukaa humo muda mrefu. Tena mkono uliofuta pua huacha virusi juu ya kikombe au kitasa cha mlango, na mkono wa pili huvichukua na kuvipeleka machoni, puani au kinywani.

Katika nchi za Ulaya influenza huja hasa wakati wa baridi. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama Kigoma, hakuna baridi ya namna hiyo. Virusi huweza kupatikana mwaka mzima, huzidi katika miezi fulani na kupungua katika miezi mingine. Wengi husema ya kuwa mvua huleta mafua. Mvua yenyewe haina virusi. Lakini huwakusanya watu ndani, wakafunga madirisha na kuvuta hewa moja.

Lakini mwili nao una askari wake. Askari hao wakiisha kupigana na kirusi fulani, huikumbuka sura yake. Kikirudi, hukitambua upesi na kukishinda kabla hakijazaa sana. Kumbukumbu hiyo ndiyo kinga. Virusi vya influenza hubadili sura kidogo kidogo, kama mtu abadilishaye kofia, na kwa sababu hiyo watu huugua tena. Walakini askari aghalabu hukumbuka kitu fulani katika sura ile, hata ugonjwa ukawa mwepesi au ukakosa nguvu ya kuenea kwa wengi.

3. Kwa nini mgeni huenda mbio

Kirusi kipya aghalabu asili yake ni kwa wanyama au ndege. Kikipata kuenea kati ya watu, hukuta askari ambao hawajakiona kamwe.

Fanyeni hesabu hii ubaoni. Tuseme kila mgonjwa hukaribiana na watu wawili hata virusi vikawafikia. Ikiwa ugonjwa ni mpya, wote wawili wataugua. Wawili hao watawaambukiza wanne, na wanne watawaambukiza wanane. Endeleeni kuzidisha kwa mbili hata hatua ya kumi: wagonjwa wapya ni 1,024.

Sasa ikiwa ugonjwa ni wa zamani, na katika kila watu wawili mmoja anayo kinga, mgonjwa mmoja atamwambukiza mmoja tu. Hata hatua ya kumi mgonjwa mpya ni 1. Hii ni hesabu ya mfano tu, maana magonjwa ya kweli hayaendi sawasawa hivi. Lakini inaonyesha jambo la kweli: virusi viwili vyaweza kuwa na mwendo mmoja, na tofauti ikawa katika watu walio njiani.

Liko jambo la pili. Mtu mwenye influenza aweza kuwaambukiza wengine kama siku moja kabla ya kujiona mgonjwa; mwenye UVIKO-19, yaani ugonjwa wa korona wa mwaka wa 2019, kama siku mbili kabla. Basi mgeni huyu huwa amekwisha kukaa kitini kabla hajabisha hodi.

4. Mwaka wa 1918: reli na ziwa

Zamani msafara kutoka pwani hata Ujiji ulikwenda kwa miguu, na safari hiyo ilichukua miezi. Ugonjwa wa siku chache haukuipita njia hiyo kwa urahisi, maana mgonjwa alipona au alikufa kabla ya kufika. Lakini mwaka wa 1914 reli ilifika Kigoma, na njia ya miezi ikawa njia ya siku chache. Reli ilileta chumvi, nguo na barua. Ilikuwa tayari pia kuchukua magonjwa.

Mwaka huohuo ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Katika mwaka wa mwisho wa vita, 1918, homa mpya ya mafua iliizunguka dunia. Wimbi lake la kwanza huko Ulaya na Marekani lilikuwa jepesi, hata wengi wakadhani ni influenza ya kila mwaka. Mgeni alikuwa amevaa nguo za mwenyeji. Kisha likaja wimbi la pili, nalo lilikuwa kali mno. Merikebu zikalileta katika bandari za Afrika: Freetown mwezi wa Agosti, Cape Town na Mombasa mwezi wa Septemba. Kutoka bandarini likapanda reli na kuingia bara.

Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, usio mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Siku hizo Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Jeshi lile lililoshindwa likasafirishwa kwa vyombo ziwani hata Kigoma, kisha kwa gari la moshi kwenda Tabora na Dar es Salaam. Homa iliwakuta watu waliokonda kwa miaka minne ya vita, wamelala wengi pamoja kambini. Askari, wapagazi na Wazungu, waliookoka na risasi, wakafa kwa kikohozi wakati amani ilipokwisha kutangazwa.

Katika dunia nzima hukadiriwa ya kuwa watu wapatao milioni 50 walikufa. Tena homa ile haikuwachukua wazee na watoto wachanga tu kama ilivyo desturi ya mafua. Iliwachukua pia vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hata 40.

5. Mwaka wa 2020: mlango mmoja kwa wote

Mwishoni mwa mwaka wa 2019 kirusi kipya cha korona kilijulikana katika mji wa Wuhan, nchi ya China. Safari hii mgeni hakungoja merikebu wala reli, alipanda ndege. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa ugonjwa umeenea duniani. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza alitangazwa Tanzania, msafiri aliyefika Arusha kutoka Ubelgiji. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kufunga shule, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani hata tarehe 29 Juni.

Machi ni mwezi wa mvua, na watu walikuwa wakikohoa kama miaka yote. Homa, kikohozi na uchovu vilikuwa dalili za influenza, navyo vilikuwa dalili za UVIKO-19. Wagonjwa wengi wa korona walipoteza uwezo wa kunusa, lakini si wote. Kipimo cha maabara ndicho kilichoweza kumtenga mgeni na mwenyeji. Milangoni pa maduka na ofisi ziliwekwa ndoo za maji zenye bomba, na sabuni kando yake. Watu wakavaa barakoa, wakaacha kupeana mikono.

Ndipo likatokea jambo la ajabu. Katika nchi nyingi influenza ilikaribia kutoweka. Huko Afrika Kusini na Australia, ambako baridi huja mwezi wa Juni hata Agosti, majira ya influenza ya mwaka wa 2020 karibu hayakuonekana. Aina moja ya influenza, iitwayo Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tena mahali po pote duniani tangu Machi 2020. Lakini korona iliendelea kuenea. Imekuwaje mlango uleule kumzuia mmoja na kumpitisha mwingine?

Rudini katika hesabu ya ubaoni. Tuseme watu wamepunguza kukaribiana kwa nusu. Ugonjwa wa zamani, ambao kila mgonjwa alimwambukiza mmoja, sasa wagonjwa wawili humwambukiza mmoja. Wagonjwa 8 huzaa 4, wanne huzaa 2, na kwa hatua chache ugonjwa huzimika. Ugonjwa mpya, ambao kila mgonjwa aliwaambukiza wawili, sasa kila mgonjwa humwambukiza mmoja. Umepungua mwendo, lakini haujafa. Mlango uliofungwa nusu watosha kumzuia mwenyeji aliyekwisha kupunguzwa nguvu na kinga za watu. Mgeni hakutana na kinga hizo, naye humtaka mtu aufunge mlango zaidi.

Watu walipoanza kukaribiana tena, wenyeji nao walirudi, wengine katika miezi isiyo yao. Huko Australia ugonjwa wa kifua wa watoto wachanga, uliozoea kuja wakati wa baridi, ulikuja wakati wa joto mwishoni mwa mwaka wa 2020. Watoto wengi hawakuwa wameuona majira yaliyotangulia, na askari wa miili yao hawakuwa na la kukumbuka.

6. Wakikutana katika mwili mmoja

Mtu mmoja aweza kushikwa na virusi viwili pamoja. Mara nyingine kimoja humtangulia mwenziwe na kumzuia. Mwili ulioamshwa na mafua madogo huwa macho kwa siku chache, na wataalamu wameona katika maabara ya kuwa chembe zilizoamshwa hivyo hukizuia kirusi cha pili kisizae upesi. Lakini hiyo si ngao ya kutegemewa, maana haidumu.

Mara nyingine wa kwanza humfungulia wa pili. Virusi vya influenza huharibu ngozi laini ya ndani ya njia ya hewa, na hapo bakteria huteremka mapafuni na kuleta nimonia. Wataalamu waliochunguza mapafu ya watu waliokufa mwaka wa 1918 waliona ya kuwa wengi waliuawa na nimonia ya namna hiyo. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua bakteria hao, leo ipo. Dawa hiyo haiui virusi, wala haifai kumezwa kwa kila mafua. Ni mganga wa hospitali atakayesema ni nani aipate.

7. Mgeni akawa mwenyeji

Mithali nyingine husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ndivyo ilivyo kwa magonjwa haya pia, maana mgeni akikaa sana huhesabiwa kuwa mwenyeji. Homa ya mwaka wa 1918 haikuondoka duniani. Uzao wake ulibaki kuwa influenza ya kila mwaka hata 1957, kirusi kingine kipya kilipokuja na kuchukua nafasi yake. Mwaka wa 1968 kikaja kingine, na mwaka wa 2009 kingine tena. Uzao wa kirusi cha 1968 na wa kile cha 2009 ungali unazunguka hata leo, na mtu aliyelala kwa homa ya mafua wiki iliyopita pengine alishikwa na mmoja wao.

UVIKO-19 nao umefuata njia hiyo. Mnamo tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu na kuanzisha chanjo katika Tanzania. Chanjo ni kuwaonyesha askari wa mwili sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa hali ya dharura imekwisha. Halikusema ya kuwa kirusi kimekwisha. Vifo vilivyoandikwa duniani ni zaidi ya milioni 7, na vya kweli ni vingi kuliko hivyo. Mgeni hakuwa mpole kwa kupenda; watu walipata kinga, na kinga hiyo ilinunuliwa kwa thamani kubwa na wale wasiokuwa nayo.

8. Nyumba ile ya Katubuka

Basi turudi kwa mtoto yule aliyesimama karibu na mlango wa bibi. Hajui mafua yake ni ya mama au ya mjomba, ya zamani au mapya. Je, hana budi kungoja mpaka ajue? Hapana. Njia ya virusi hivyo vyote ni moja, kwa hiyo mlango wa kuufunga ni mmoja. Asiyejua kikohozi chake ni cha nani na akiheshimu kana kwamba ni cha mgeni.

Mtoto akasimama pale pale mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wasimama huko? Leo hunipi mkono?"

"Nina mafua, bibi. Nikipona nitakuja kuketi nawe."

Hapo hakumvunjia bibi heshima, bali amempa heshima iliyo kubwa kuliko mkono. Mama akafungua madirisha mvua ilipotulia, hewa ikapita. Mjomba akapewa chumba chake na kikombe chake, akaletewa uji na maji. Wote wakanawa mikono kwa sabuni, na aliyekohoa akakohoa ndani ya kiwiko cha mkono wake. Kama mmoja wao atapumua kwa shida, au homa ikakataa kushuka, au mtoto mchanga akakataa kunyonya, hapo si saa ya kubahatisha jina la ugonjwa; ni saa ya kwenda zahanati.

Wala hakuna aliyemlaumu mjomba. Kigoma ni mji wa wageni tangu siku za misafara ya Ujiji. Gari la moshi hufika, na katika mwalo wa Kibirizi hutia nanga vyombo vinavyofanya safari za Burundi na Kongo. Mji uliowafukuza wasafiri usingepata mafua machache. Ungepata wasafiri wanaoficha kikohozi chao kwa hofu, na ugonjwa ufichwao ndio uendao mbali. Mjomba si adui. Alichukua mzigo asioujua, na waliomkaribisha wakamsaidia kuutua bila kuupitisha kwa bibi.

Maswali

1. Kwa nini mafua ya kawaida na ugonjwa mpya wa kifua haviwezi kutambulikana kwa kusikiliza kikohozi?
2. Mvua haina virusi. Kwa nini basi mafua huzidi watu wanapojifungia ndani?
3. Mgonjwa mmoja akiwaambukiza watatu, na kila mmoja wao watatu wengine, wagonjwa wapya ni wangapi katika hatua ya tano?
4. Eleza kwa nini influenza ilipungua sana mwaka wa 2020 hali korona iliendelea kuenea.
5. Reli ya mwaka wa 1914 ilibadilisha nini katika safari ya magonjwa?
6. Msafiri anayekohoa amefika nyumbani kwenu jioni. Andika mambo manne mtakayomfanyia, yawe ya kumtunza yeye na ya kuwatunza wengine.